Kocha wa timu ya taifa apewe muda: tutazame alichokifanya Park Joo-bong Japani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu namna taifa linavyomtumia mchezaji wake hodari baada ya siku zake za uwanjani kwisha, na hasa kuhusu muda anaopewa pale anapokabidhiwa timu ya taifa. Kilichonisukuma kuandika ni safari ya Park Joo-bong wa Korea Kusini, mmoja wa wachezaji wakubwa kabisa katika historia ya mpira wa vinyoya (badminton), ambaye mwaka 2025 alirejea kwao kuwa kocha mkuu baada ya kuifundisha Japani kwa takriban miaka 20. Jambo hilo halikuzungumzwa sana hapa Dar es Salaam, ambako habari za usajili wa Simba na Yanga hujaza kurasa za michezo mwaka mzima, lakini naamini viongozi wetu wakilitazama kwa makini wataona ndani yake sehemu ya jibu la swali tunalojiuliza kila baada ya Olimpiki. Medali zetu za Olimpiki hadi leo ni mbili tu, za Filbert Bayi na Suleiman Nyambui, na zote zilipatikana Moscow mwaka 1980.

Kwa wasomaji ambao hawakuufuatilia mchezo huu, nianze na uchezaji wake. Park alizaliwa mwaka 1964 katika jimbo la Jeolla Kaskazini, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 hakuwa na wa kumtisha katika michezo ya wawili wawili. Mwaka 1985, mjini Calgary nchini Kanada, alitwaa ubingwa wa dunia mara mbili katika mashindano yale yale: wa wanaume wawili akiwa na Kim Moon-soo, na wa mchanganyiko, yaani mwanamume na mwanamke upande mmoja, akiwa na Yoo Sang-hee. Mwaka 1989 mjini Jakarta akatwaa tena ule wa mchanganyiko, safari hiyo akiwa na Chung Myung-hee, na mwaka 1991 mjini Copenhagen akayabeba yote mawili kwa mara ya pili. Mpira wa vinyoya ulipoingizwa rasmi katika Olimpiki, huko Barcelona mwaka 1992, Park na Kim Moon-soo waliwashinda Eddy Hartono na Rudy Gunawan wa Indonesia katika fainali kwa seti mbili bila, wakawa wanaume wa kwanza kuvishwa dhahabu ya Olimpiki ya wawili wawili.

Hapo ningependa kutua kidogo, kwa sababu nadhani ukocha wake ulianzia katika aina ya mchezo aliyoichagua. Uwanja wa wawili wawili una urefu wa meta 13.4 na upana wa meta 6.1, na ndani yake wanasimama watu wanne wakipigiana kitu chenye uzito wa gramu tano hivi kwa kasi ambayo jicho la mgeni haliwezi kuifuata. Mchezaji wa aina hii hana nafasi ya kujifikiria peke yake. Akisogea mbele kuziba wavu, mwenzake lazima awe ameshajua kwamba nyuma pamebaki pake. Akinyanyua kinyoya juu, amemtia mwenzake katika hatari ya kupigiwa kwa nguvu. Park alisifika kwa wepesi wa mkono karibu na wavu na kwa namna alivyoupokea mpigo wa kuanzia, yaani alikuwa akiusoma mpigo kabla haujapigwa, lakini kinachonivutia zaidi ni kwamba alishinda na wenzi tofauti, wanaume na wanawake, kila mmoja na tabia yake. Mtu anayeweza kumfanya kila anayesimama naye acheze vizuri zaidi ya alivyozoea amekwishaanza kufundisha, hata kama bado hajapewa cheo.

Ushahidi wa jambo hilo ulionekana mwaka 1996. Park alikuwa amekwishastaafu baada ya Barcelona, lakini mchezo wa mchanganyiko ulipoingizwa katika Olimpiki ya Atlanta alirudi uwanjani, akiwa na umri wa miaka 31, akasimama na msichana wa miaka 19, Ra Kyung-min. Walifika fainali na kufungwa kwa seti tatu na Wakorea wenzao, Kim Dong-moon na Gil Young-ah, ambao walipoteza seti ya kwanza kisha wakazichukua mbili zilizofuata. Kwa wengi ile ilikuwa dhahabu iliyoponyoka ikawa fedha. Mimi naiona kama kazi yake ya kwanza ya ukocha, maana Ra Kyung-min alitoka pale akaendelea kuwa mmoja wa wachezaji bora wa mchanganyiko duniani kwa miaka mingi baadaye.

Baada ya Atlanta hakukabidhiwa timu ya taifa lake kwa sababu tu alikuwa na jina kubwa. Alikwenda Uingereza akafundisha, kisha akahamia Malaysia akafundisha huko pia, na ilimchukua miaka minane tangu medali yake ya mwisho hadi alipopewa jukumu ambalo limemjengea jina la pili. Nalisisitiza hili kwa sababu hapa kwetu tuna mazoea mawili yanayopingana na yote yana madhara. La kwanza ni kumsahau mchezaji siku ile ile anapostaafu, tukamkuta baada ya miaka michache akihangaika na biashara ndogo ndogo ilhali kichwani amebeba elimu ambayo taifa liligharamia. La pili ni kumchukua mchezaji maarufu, kumpa timu kesho yake bila mafunzo yoyote, na kumshangaa anaposhindwa. Kucheza na kufundisha ni kazi mbili, na anayeijua ya kwanza anahitaji miaka ya kujifunza ya pili chini ya watu wengine, tena ikiwezekana mahali ambapo sifa zake za zamani hazimsaidii.

Novemba 2004 Japani walimwita. Hali aliyoikuta inastahili kuelezwa kwa urefu, kwani inafanana na yetu kuliko wengi wanavyodhani. Wanawake wa Japani walikuwa na historia nzuri, walikwishalitwaa Kombe la Uber, ambalo ni ubingwa wa dunia wa timu za taifa za wanawake, mara tano, lakini mara ya mwisho ilikuwa mwaka 1981. Katika Olimpiki nchi hiyo ilikuwa haijawahi kupata medali hata moja ya mpira wa vinyoya, na kule Athens, miezi michache kabla ya Park kuajiriwa, ilikuwa imerudi tena bila kitu. Tatizo halikuwa umaskini wala uhaba wa wachezaji. Wachezaji wa Japani walikuwa, na wengi bado wako, waajiriwa wa makampuni yenye timu zao: kampuni ndiyo inayolipa mshahara, kocha wa kampuni ndiye anayepanga mazoezi, na ligi ya makampuni ndiyo inayopewa uzito. Timu ya taifa ilikuwa mkusanyiko wa watu wanaokutana kwa siku chache kabla ya safari, kisha kila mmoja anarudi kwa bwana wake. Kocha wa taifa alikuwa na cheo, ila wachezaji hakuwa nao.

Park alikataa kufanya kazi kwa mtindo huo. Alidai kambi ndefu za pamoja, alidai wachezaji wapelekwe mara kwa mara katika mashindano makubwa ya nje badala ya kuridhika na ubingwa wa nyumbani, na alihitaji makocha wasaidizi wanaoshughulikia kila aina ya mchezo peke yake. Makampuni hayakuwa adui zake, na ninavyoona hekima yake kubwa ilikuwa kuyaacha yaendelee kuwalipa wachezaji huku yeye akizidi kuwapata wachezaji hao kwa siku nyingi zaidi kila mwaka. Mwaka 2008 Kituo cha Taifa cha Mazoezi kilipofunguliwa mjini Tokyo, timu ya taifa ya vinyoya ikapata mahali pa kudumu ambapo nyavu hazifunguliwi kupisha shughuli nyingine. Nadhani watu wanaoandika kuhusu mafanikio ya michezo huvitaja vitu kama hivi kwa mstari mmoja na kukimbilia medali, ilhali hapa ndipo penyewe.

Sasa tuje kwenye Olimpiki ya Beijing ya mwaka 2008, ambayo kwangu mimi ndiyo kiini cha barua hii. Park alikuwa na karibu miaka minne kazini. Wanawake wawili wa Japani, Miyuki Maeda na Satoko Suetsuna, waliwatoa katika robo fainali Yang Wei na Zhang Jiewen wa China, mabingwa watetezi, tena mbele ya watu wao, na Japani nzima ikashangilia. Kisha wakafungwa nusu fainali, wakafungwa na mchezo wa kuwania shaba, wakamaliza wa nne. Miaka minne ya kambi, safari na gharama, na medali hakuna.

Ndugu Mhariri, jiulize kocha huyo angefanywa nini hapa. Sina haja ya kubuni mfano, kwa kuwa timu yetu ya soka ya taifa inatosha. Mwaka 2019 Emmanuel Amunike aliipeleka Taifa Stars katika fainali za Afrika baada ya miaka 39 ya kuzisubiri, na timu ilipotolewa katika hatua ya makundi akaondoka mwezi huo huo wa Julai. Tangu mwaka 2015 hadi 2024 wamepita Charles Boniface Mkwasa, Salum Mayanga, Amunike mwenyewe, Etienne Ndayiragije, Kim Poulsen, Honour Janza, Adel Amrouche na Hemed Suleiman. Simlaumu yeyote kati yao, na sidai kwamba kila mmoja alistahili kubaki. Ninachosema ni kwamba katika miaka hiyo hiyo timu ya vinyoya ya Japani ilikuwa na kocha mkuu mmoja, yule yule aliyemaliza Beijing bila medali.

Walimbakiza, na matunda yakaanza kuonekana kwa mpangilio ambao hauwezi kuwa wa bahati. London 2012 Mizuki Fujii na Reika Kakiiwa walipata fedha, medali ya kwanza ya Olimpiki ya mpira wa vinyoya katika historia ya Japani. Mwaka 2014 mjini New Delhi wanaume wakalitwaa Kombe la Thomas, ambalo kwa wanaume ni kama Uber kwa wanawake, kwa mara ya kwanza, wakiifunga Malaysia michezo mitatu kwa miwili, na hilo ni kombe ambalo kwa zaidi ya miaka 60 lilikuwa limezunguka mikononi mwa Malaysia, Indonesia na China tu. Mwaka 2018 mjini Bangkok wanawake wakalirudisha Kombe la Uber nyumbani baada ya miaka 37.

Fainali ya Rio ya tarehe 18 Agosti 2016 naikumbuka zaidi ya yote. Ayaka Takahashi na Misaki Matsutomo walikuwa wakicheza pamoja tangu shule ya sekondari. Walikutana na Kamilla Rytter Juhl na Christinna Pedersen wa Denmark, wakapoteza seti ya kwanza 18 kwa 21, wakaichukua ya pili 21 kwa 9, na katika ya tatu wakajikuta nyuma 16 kwa 19, yaani Wadenmark walikuwa wanahitaji pointi mbili tu. Japani ikapata pointi tano mfululizo na dhahabu yake ya kwanza. Mtu aliyeutazama mchezo ule aliona kwamba wale wasichana hawakubadili chochote walipokuwa wamebanwa. Waliendelea kupokezana nafasi ya mbele na ya nyuma vile vile kama mwanzo, kwa utulivu wa watu waliokwisha kuwa katika hali hiyo mara nyingi mazoezini na ugenini. Utulivu wa namna hiyo haupatikani katika kambi ya wiki mbili kabla ya safari.

Haikuwa njia iliyonyooka. Mwaka ule ule wa 2016 mchezaji wao tegemeo, Kento Momota, alifungiwa na chama chake kwa kucheza kamari katika kasino haramu na akaikosa Rio. Aliporudi alitwaa ubingwa wa dunia mwaka 2018 na 2019, na katika mwaka 2019 peke yake akashinda mataji 11. Januari 2020 akapata ajali ya gari nchini Malaysia, akaumia, na katika Olimpiki ya nyumbani kwao Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, akatolewa katika hatua ya makundi. Japani iliyotarajia kuvuna kila upande iliambulia shaba moja, ya Yuta Watanabe na Arisa Higashino. Aibu ya nyumbani ni nzito kuliko ya ugenini, lakini hata hapo Park hakufukuzwa. Alikwenda na timu yake Paris mwaka 2024, akarudi na shaba mbili, na baada ya hapo ndipo akaondoka. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Park alitunzwa ugenini kwanza, na kwao wakamwita akiwa na miaka 60, kuiongoza timu yenye bingwa wa Olimpiki An Se-young, ambaye alikuwa amelilalamikia hadharani shirikisho la nchi yake kuhusu namna majeraha ya wachezaji yalivyoshughulikiwa.

Najua jibu litakalotolewa: Japani ni nchi tajiri, sisi tutafananaje nayo. Kwa hiyo niruhusu nimtaje mtu wa pili, Pullela Gopichand wa India. Yeye aliumia goti vibaya mwaka 1994 akiwa kijana, akafanyiwa upasuaji, na wengi wakadhani amekwisha. Mwaka 2001 mjini Birmingham akatwaa ubingwa wa All England, mashindano makongwe na yenye heshima kubwa katika vinyoya, akimtoa Peter Gade wa Denmark katika nusu fainali na kumfunga Chen Hong wa China katika fainali, Mhindi wa pili kufanya hivyo baada ya Prakash Padukone mwaka 1980. Alipoacha kucheza alitaka kujenga shule ya vinyoya mjini Hyderabad. Serikali ya jimbo ilimpa ardhi ekari tano, lakini ardhi haijengi ukumbi, na Gopichand aliweka rehani nyumba ya familia yake ili kupata fedha, hadi mfanyabiashara mmoja alipojitokeza kumchangia. Shule ikafunguliwa mwaka 2008. Kutoka humo akatoka Saina Nehwal aliyepata shaba London, P. V. Sindhu aliyepata fedha Rio na ubingwa wa dunia mwaka 2019, na Kidambi Srikanth aliyeshika nafasi ya kwanza duniani mwaka 2018. Gopichand amekuwa kocha mkuu wa taifa tangu mwaka 2006, na mazoezi yake huanza kabla jua halijachomoza. Sipendekezi mtu yeyote hapa Dar es Salaam aweke nyumba yake rehani kwa ajili ya timu ya taifa. Nataja jambo hilo kuonyesha kwamba India haikuanza na fedha nyingi. Ilianza na mchezaji mstaafu aliyeachwa afanye kazi yake kwa miaka mingi mahali pamoja.

Na sisi hatuanzii sifuri. Wengi wa wasomaji wako huenda wasijue kwamba shirikisho la Afrika la mpira wa vinyoya liliundwa hapa hapa Dar es Salaam mwaka 1977. Miongoni mwa nchi zilizokuwamo katika kuliunda ni Mauritius, kisiwa chenye watu wachache kuliko jiji letu, ambacho kimekwishapeleka wachezaji wa vinyoya katika Olimpiki zaidi ya moja. Sisi tuliokuwa wenyeji wa mkutano ule tumebaki na klabu chache, mashindano yanayotangazwa kwa kuchelewa, na watoto wa Upanga wanaofunga kamba kati ya nguzo mbili jioni na kupiga vinyoya vya plastiki hadi giza liingie. Nimewatazama watoto hao kwa miaka, na baadhi yao wana mkono mzuri. Upepo wa baharini ndio unaowaharibia, maana kinyoya chepesi kiasi hicho huwezi kujifunza kukiongoza mahali penye upepo, unajifunza kubahatisha.

Mfumo wetu nao unafanana na ule aliokutana nao Park. Wanamichezo wetu wengi wa ngazi ya taifa ni waajiriwa wa JWTZ, JKT, Polisi na Magereza. Alphonce Simbu, aliyetwaa ubingwa wa dunia wa marathoni mjini Tokyo mwaka 2025, ni askari wa JWTZ. Majeshi yamefanya kazi kubwa ya kuilinda michezo ya nchi hii kwa kuwapa vijana ajira, kama makampuni yanavyofanya Japani, na yeyote anayetaka timu ya vinyoya yenye nguvu angeanza kwa kuyaomba yawe na timu za vinyoya pia. Lakini ndipo linapokuja swali la nani mwenye ratiba. Kocha wa taifa akibaki mtu wa kuomba ruhusa kwa barua kila anapomhitaji mchezaji, hata awe Park mwenyewe hatafika mbali.

Pendekezo langu ni kwamba Baraza la Michezo la Taifa pamoja na chama cha mpira wa vinyoya wachague mchezaji mmoja au wawili wa zamani wa timu ya taifa, wenye umri na moyo wa kujifunza, wawapeleke katika Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya na katika kozi za ukocha za shirikisho la dunia, ambazo zina madaraja na zinafanyika Afrika pia, kisha wawatafutie nafasi ya kuwa wasaidizi katika nchi inayotuzidi, kama Mauritius au Nigeria, kwa msimu mzima. Akirudi, mmoja wao akabidhiwe timu ya taifa kwa mkataba unaokwenda hadi Olimpiki ya Brisbane ya mwaka 2032, na mkataba huo useme wazi atapimwa kwa nini katika kila hatua. Katika miaka ya mwanzo asipimwe kwa medali. Apimwe kwa idadi ya vijana anaowafundisha kila wiki, kwa siku za kambi alizozipata, kwa mashindano ya nje waliyoshiriki na kwa nafasi zao katika orodha ya Afrika. Pawepo mtu wa kumhoji kila mwaka, kwani muda mrefu bila maswali huzaa uzembe, lakini kufungwa mchezo mmoja mkubwa kusiwe sababu ya kumwondoa.

Ukumbi si lazima uwe mpya. Jiji hili lina kumbi za shule na za taasisi ambazo hukaa tupu saa nyingi za mchana, zenye dari la kutosha na madirisha yanayofungika. Chora mistari, weka nyavu nne, zima mapangaboi wakati wa mchezo, na weka taa pembeni ya uwanja ili zisimpige mchezaji machoni anapotazama juu. Vinyoya vya manyoya halisi ni ghali na vinachakaa haraka, kwa hiyo watoto waanze na vya plastiki na vile vya manyoya vitengwe kwa timu ya taifa. Kinachohitajika zaidi ni saa za kudumu ambazo hakuna harusi wala semina inayoweza kuzichukua. Na mpira wa vinyoya upewe nafasi ya maana katika UMITASHUMTA na UMISSETA, michezo ya kitaifa ya shule za msingi na za sekondari, ambako soka, netiboli na riadha vimepata wachezaji wake kwa vizazi, ili kocha wa taifa awe na mahali pa kwenda kutazama vipaji nje ya Dar es Salaam.

Kuna anayeweza kusema kwamba mchezo huu ni wa watu wachache na fedha ziende kwenye soka. Sikubaliani naye, ingawa naielewa hofu yake. Soka lina wafadhili, lina mashabiki na lina redio zinazolizungumzia usiku na mchana. Halitapungukiwa kwa kuwa timu ya vinyoya imepata ukumbi na kocha mmoja anayelipwa mshahara wa kueleweka. Zaidi ya hayo, mchezo huu hauhitaji mwili mkubwa, wasichana na wavulana wanaucheza pamoja katika timu moja, na mtoto wa Manzese akipewa raketi na mahali pasipo na upepo hana sababu ya kushindwa kucheza sawa na mwenzake wa Masaki.

Nimewataja Bayi na Nyambui hapo juu kwa makusudi. Bayi, aliyeweka rekodi ya dunia ya meta 1,500 mjini Christchurch mwaka 1974, aliamua baadaye kujenga shule na kuutumikia mchezo kama kiongozi. Nyambui alipomaliza kukimbia alifundisha, na sehemu ya miaka yake ya ukocha ikawafaidi wanariadha wa Brunei. Sioni ubaya kwa Mtanzania kufundisha ugenini, kama Park alivyofanya. Inaniuma tu kwamba hatukuwa na mpango wa kumrudisha na kumpa miaka kumi nyumbani bila kumsumbua. Wachezaji wa vinyoya wanaostaafu sasa ni wachache na majina yao hayajulikani mitaani, kwa hiyo ni rahisi zaidi kuwapoteza bila mtu kutambua.

Nakuomba wewe pia, Ndugu Mhariri, utenge nafasi ndogo ya matokeo ya mashindano ya vinyoya ya hapa nchini, hata kama ni mistari mitano kwa wiki, ili vijana wanaocheza waone majina yao na wazazi wao waamini kwamba huu ni mchezo wenye njia. Na kwa wanachama wa chama cha mpira wa vinyoya, ninawaomba kwamba uchaguzi wao ujao ukifika, kabla ya kumpigia kura mgombea yeyote, wamwombe ataje mbele ya mkutano kocha wa taifa atapewa miaka mingapi, atalipwa na nani, na ratiba ya wachezaji itaandikwa na nani.

Wako katika michezo,
Msomaji wa siku nyingi,
Upanga, Dar es Salaam